Sayansi huria kwa utafiti wako wa uuguzi: hatua kwa hatua, kuanzia fomu ya ridhaa

Kila muhula wa utafiti unapoanza, maswali yanayonifikia ni yaleyale. "Mwalimu, nikiweka data za wagonjwa mtandaoni si nitafukuzwa chuo?" "Mwalimu, usajili wa awali wa nini tena wakati kibali cha maadili ninacho?" "Mwalimu, jarida linataka dola, nilipe?" Nimeyajibu kwenye korido za wodi, kantini, na hata kwenye daladala ya kutoka hospitali ya KCMC kwenda stendi. Sasa nimeyaandika, ili anayeanza asome mwanzo hadi mwisho kabla hajagusa dodoso lake.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesoma uuguzi na ukunga hapa Moshi, uwe stashahada, shahada au uzamili, na una utafiti mdogo wa kumalizia masomo. Huhitaji ufadhili.

Sayansi huria maana yake ni kufanya utafiti kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuona ulichopanga, ulichofanya na ulichokipata, na akaweza kukitumia. Mwezi Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la pamoja kuhusu jambo hili, kwa hiyo mwalimu akikuambia ni mtindo wa watu wachache, unaweza kumjibu kwa adabu.

Shika jambo moja kabla ya yote: uwazi unaamuliwa kwenye fomu ya ridhaa. Wengi hunijia mwishoni, ripoti imeshafungwa jalada, wakitaka kuweka data wazi. Naomba fomu waliyowasainisha washiriki. Imeandikwa: "Taarifa hizi zitaonwa na mtafiti na msimamizi wake tu, kisha zitachomwa." Hapo sina msaada. Mama wa watu amesaini akiamini hivyo, na lazima iwe hivyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Barua pepe yako binafsi. Ile ya chuo inaweza kufungwa ukishahitimu.
- Simu ya Android na kompyuta, hata ya kuazima, mradi si ya steshenari.
- Rasimu ya pendekezo la utafiti, ambayo haijapelekwa kamati ya maadili. Kama imeshapelekwa, soma hatua ya 4 kwa makini zaidi.
- Programu ya kuchambua takwimu. jamovi ni ya bure na inafungua mafaili ya SPSS, programu ya kulipia. Achana na SPSS ya kukopiwa kwenye flashi: inakuja na virusi, na huwezi kuitaja kwenye ripoti ukiwa na dhamiri safi.
- Msimamizi anayejua unachotaka kufanya. Mwambie mapema, usimshtukize.
- Bando la kutosha kufungua akaunti na kupakia mafaili. Data za dodoso 200 ni nyepesi kuliko picha moja ya harusi.

Hatua ya 1: Fungua namba ya ORCID

Ni dakika tano na ni bure. Unapewa namba ya tarakimu 16 ya kukutambulisha kama mtafiti, na ni yako maisha yote. Hapa Kilimanjaro faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani: hebu hesabu akina Massawe, Mushi na Kimaro walio kwenye sekta ya afya. Cheti cha kuzaliwa kina majina haya, kitambulisho cha taifa yale, ukiolewa unaongeza la mume. Namba haibadiliki.

Hatua ya 2: Soma bila kulipia

Usilipie makala hata moja. Anza na PubMed Central, ambako makala nzima iko wazi. Kisha African Journals Online, maana makala za uuguzi kutoka Afrika huko ndiko nyingi ziliko. Tatu, nenda maktaba ya chuo uulize kuhusu Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002 kwa ajili ya taasisi za nchi kama yetu. Hinari inasajili taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo mkutubi ndiye mwenye neno la siri. Namfahamu mwanafunzi aliyetumia sehemu ya boom (pesa ya mkopo wa wanafunzi) kununua makala tatu, na zote tatu zilikuwa zinapatikana maktabani kwake.

Ukikwama kabisa, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu umwombe nakala. Wengi hujibu.

Hatua ya 3: Tafuta dodoso lililopo kabla hujatunga lako

Dodoso la kutunga usiku mmoja haliwezi kulinganishwa na la mtu mwingine yeyote. Tafuta lililokwisha kupimwa, ila uangalie haki zake. PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona, kimeachwa kitumike bila kuomba ruhusa, na tafsiri za Kiswahili zipo. Kipimo cha Maslach cha uchovu wa kazini, ambacho kila mwaka kuna anayekitaka kwa ajili ya wauguzi wa zamu za usiku, kinauzwa. Ukikichukua tu mtandaoni na kukibandika kwenye viambatisho vya ripoti yako, umevunja haki za mwenyewe, hata kama nia yako ilikuwa njema.

Ukitafsiri dodoso, tunza kila hatua: nani alitafsiri kwenda Kiswahili, nani alirudisha Kiingereza bila kuona la mwanzo, maneno gani mlibishana. Neno "sonona" limo kwenye kamusi, lakini mama wa mtaa wa Pasua hapa Moshi anaweza kukuuliza ndiyo nini hiyo. Ukisema "msongo wa mawazo" anakuelewa, ila huenda sasa anafikiria kitu kingine. Mabishano hayo ni mali. Kwa maoni yangu, tafsiri nzuri ya Kiswahili iliyowekwa wazi kwa ruhusa ya mwenye dodoso itawafaa wauguzi wengi zaidi kuliko matokeo ya utafiti wenyewe.

Hatua ya 4: Andika ridhaa inayoruhusu data kutumika tena

Hapa usiende mbio. Kwenye fomu ya ridhaa ongeza aya kama hii, kwa maneno ya kawaida:

"Baada ya utafiti huu, majibu yako pamoja na ya washiriki wengine yatawekwa kwenye hifadhi ya data mtandaoni ili watafiti wengine wayatumie. Kabla ya hapo tutaondoa jina lako, namba ya simu, namba ya faili na kijiji chako. Unaweza kushiriki utafiti huu hata kama hutaki majibu yako yawekwe huko. Ukibadili mawazo, tupigie kabla ya tarehe ______. Baada ya hapo hatutaweza kuyarudisha."

Chini yake weka visanduku viwili, "Nakubali" na "Sikubali", kwa ajili ya aya hiyo pekee. Kusaini utafiti na kusaini data kuwekwa wazi ni ridhaa mbili tofauti.

Makosa ninayoyaona hapa:

- Kuahidi kwamba "hakuna atakayekutambua kamwe". Huwezi kuahidi hivyo. Ahidi ulichopanga kufanya.
- Kumwomba mgonjwa ridhaa ukiwa umevaa sare, dakika chache kabla ya kumpa dawa. Atakubali kila kitu, kwa sababu anahisi huduma yake iko mikononi mwako. Muombe mwenzako asiyemhudumia amweleze.
- Kuandika ridhaa nzuri, halafu kusahau kuitaja kwenye pendekezo. Kamati inataka kuona ukurasa mmoja wa mpango wa data: zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, nani atazifikia, zitasafishwaje.

Ukurasa huo uongozwe na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Na kwa kuwa hifadhi nyingi za data ziko nje ya nchi, uliza kamati kama unahitaji mkataba wa kuhamisha data. Uliza kwa maandishi, na tunza jibu.

Kama kibali kilishatoka kwa fomu ya zamani na hujamhoji mtu, peleka maombi ya marekebisho. Yanachelewesha, lakini hakuna njia ya mkato. Kama umeshawahoji, ruka hadi hatua ya 8: kamusi ya data, dodoso na mpango wa uchambuzi unaweza kuviweka wazi bila kuweka jibu hata moja la mshiriki.

Hatua ya 5: Sajili mpango wako kabla ya dodoso la kwanza

Kibali cha maadili kinasema utafiti hautamdhuru mtu. Usajili wa awali unasema ulikusudia kupima nini kabla hujaona majibu. Ni vitu viwili.

Fungua akaunti ya OSF, uwanja wa bure wa Center for Open Science ya Marekani. Tengeneza mradi, chagua kusajili, kisha jaza: swali la utafiti, unachotarajia kukuta, washiriki wangapi na kwa nini idadi hiyo, utamwondoa nani kwenye uchambuzi, na utatumia kipimo gani cha takwimu kwa swali lipi. Ukiogopa kuibiwa wazo, usajili unaweza kufichwa kwa muda hadi miaka minne.

Tahadhari. Ukishawasilisha, wote wenye mamlaka ya kusimamia mradi huo kwenye OSF hupata barua pepe ya kuthibitisha, na zikipita saa 48 bila mtu kuukataa, usajili unapita wenyewe. Haufutiki. Unaweza kuuondoa, lakini alama kwamba uliwahi kuwepo hubaki. Kwa hiyo mpe msimamizi asome rasimu kwenye Word kwanza.

Mambo yakibadilika uwanjani, na yatabadilika, usirudi kuficha. Ulipanga akina mama 200, masika yakakata barabara ya juu ukapata 143: andika 143, andika na mvua.

Hatua ya 6: Kusanya kwa namna isiyopotea

Utafiti wangu wa kwanza niliufanya kwa karatasi. Bahasha moja yenye dodoso 31 ilibaki kwenye kiti cha daladala nikishuka kutoka Uru, na sikuiona tena. Kilichoniumiza zaidi ya takwimu ni majina ya akina mama wale, yaliyokuwa juu ya kila karatasi.

Tumia KoboToolbox. Unatengeneza dodoso kwenye kompyuta, unalipakua kwenye simu, unahoji hata pasipo mtandao, ukifika mjini unatuma. Usiweke swali la jina. Mpe kila mshiriki namba, na orodha ya kuunganisha namba na jina ikae kwenye faili jingine lenye neno la siri, mbali na data. Grupu la WhatsApp la darasa si mahali pa kuhifadhi data, hata kwa usiku mmoja.

Data zikishafika, tunza nakala ya kwanza kama ilivyo. Usiiguse. Kazi zote zifanyike kwenye nakala ya pili, na jina la faili libebe tarehe: "wodi_uchovu_2025-03-14" linaeleweka, "data mpya ya mwisho kabisa2" halieleweki hata kwako baada ya mwezi.

Hatua ya 7: Ondoa kinachomtambulisha mtu

Wengi hufuta safu ya majina wakaona wamemaliza. Hapa ndipo unaweza kumuumiza mtu kweli.

Chukua mama wa miaka 46, uzazi wa saba, pacha, anatoka kijiji fulani cha Old Moshi, amejifungua tarehe unayoijua. Jina halipo. Lakini muuguzi yeyote aliyekuwa zamu usiku ule anamjua, na nusu ya kijiji chake inamjua. Sasa fikiria safu inayofuata ni majibu ya kipimo cha VVU.

Au fanya utafiti kwa wauguzi wenzako. "Mwanaume, zaidi ya miaka 50, ana uzamili, wodi ya wazazi." Kwenye hospitali nyingi za wilaya huyo ni mtu mmoja, kama yupo. Akiwa amejibu kwamba haamini uongozi wake, umemwanika. Ukiwahoji wakufunzi wa chuo chenye wakufunzi 12, ni hivyohivyo.

Fanya hivi:

- Umri uweke kwa makundi ya miaka mitano au kumi.
- Kijiji na kata viwe wilaya, au viondoke kabisa.
- Tarehe ziwe mwezi, au idadi ya siku tangu kulazwa.
- Kabila na dhehebu: kama hukuvitumia kwenye uchambuzi, futa.
- Majibu ya kujieleza soma moja baada ya jingine. Mtu huandika "sista mkuu wetu wa wodi namba fulani" bila kufikiri.
- Panga data kwa umri, jinsia, kazi na wilaya kwa pamoja. Kundi lolote lenye watu chini ya watano liunganishe na jingine.

Kisha tafuta yaliyojificha. KoboToolbox inaweza kurekodi saa ya kuanza na kumaliza, utambulisho wa simu, jina la akaunti iliyotuma, na mahali ulipo ukiwa umewasha swali hilo. Excel huwa na safu zilizofichwa na karatasi za pembeni. Hifadhi faili la mwisho kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lifungue upya, hesabu safu. Faili la jamovi hubeba data zote ndani yake pamoja na uchambuzi, hivyo usilipakie kama hukulitengeneza kutoka kwenye nakala iliyosafishwa.

Mwishowe mpe muuguzi anayefanya kazi kituo hichohicho, aliye chini ya kiapo cha usiri na aliyetajwa kwenye kibali chako, umuulize: "Kuna unayemtambua humu?" Akisema ndiyo, rudi mezani.

Hatua ya 8: Andika kamusi ya data

Ni jedwali la kawaida: jina la kila safu, swali lenyewe kwa Kiswahili, maana ya kila namba (1 = ndiyo, 2 = hapana, 99 = hakujibu), na vipimo. Iandike siku unayotengeneza dodoso. Ukiisubiri mwishoni utakuwa umesahau kama 1 ilikuwa mwanaume au mwanamke, na nimeshaona ripoti iliyogeuza matokeo yote kwa kosa hilo.

Hatua ya 9: Pakia Zenodo

Zenodo inaendeshwa na CERN, ni bure, na inakipa kila kilichopakiwa DOI, yaani anwani ya kudumu ambayo wengine wataitumia kukutaja. Kabla ya kuingia, jizoeze kwenye tovuti yao ya majaribio, sandbox.zenodo.org.

Pakia data safi, kamusi, dodoso, fomu ya ridhaa tupu, na hatua za uchambuzi. Waandishi waweke pamoja na namba zao za ORCID, akiwemo msimamizi kama mmekubaliana. Maelezo andika kwa Kiswahili na Kiingereza. Leseni chagua CC BY 4.0: yeyote atumie, mradi akutaje. Kama data bado zinakutia wasiwasi hata baada ya hatua ya 7, chagua mafaili yenye kizuizi. Watu wataona kwamba data zipo na wataomba, wewe na chuo mtaamua. Hiyo bado ni sayansi huria, na kwa data za VVU, ukatili wa kijinsia au afya ya akili ndiyo njia ninayoishauri.

Usibonyeze kitufe cha kuchapisha usiku wa manane. Subiri asubuhi.

Hatua ya 10: Andika makala

Tumia orodha ya kuhakiki inayofaa: STROBE, yenye vipengele 22, kwa tafiti za dodoso na kumbukumbu za wodi, COREQ, yenye 32, kwa mahojiano na vikundi. Taja usajili wako, DOI ya data, na kila ulichobadilisha.

Mambo yakikwama

*Jarida limenialika kwa barua pepe, linaahidi kuchapisha ndani ya siku saba.* Usijibu. Mapitio ya kweli hayaishi siku saba. Tafuta jina lake kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza mwaka 2003, na umuulize mkutubi. Jarida halali nalo linaweza kutoza ada. Omba msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha, maana majarida mengi yanautoa kwa waandishi wa nchi zetu. Yapo pia yasiyotoza kitu.

*Msimamizi hataki data ziwekwe wazi.* Msikilize kwanza. Mara nyingi anachoogopa ni wagonjwa, na hofu hiyo ni ya haki. Mwonyeshe ulichofanya hatua ya 7. Akikataa bado, weka wazi dodoso na kamusi. Usipakie chochote kwa siri.

*Mtu ataiba data zangu.* DOI ina tarehe na jina lako. Data zilizoko kwenye flashi pekee ndizo huibwa bila ushahidi.

*Utafiti wangu ni wa mahojiano.* Usipakie sauti. Maandishi ya mahojiano ni magumu kuficha mtu, kwa hiyo kwa kazi ya kwanza weka mwongozo wa maswali na orodha ya dhamira pamoja na maana zake.

*Natumia kumbukumbu za hospitali, hakuna mtu niliyemhoji.* Mwenye kauli hapo ni hospitali na kamati. Ruhusa ya kusoma mafaili haikupi ruhusa ya kuyaweka mtandaoni. Iombe peke yake.

*Matokeo hayakuonyesha tofauti yoyote.* Yaandike hivyo. Mwenzako wa Mwanza au Mbeya asirudie safari hiyohiyo kwa pesa zake.

*Nimegundua kosa baada ya kupakia.* Kwenye Zenodo tengeneza toleo jipya, eleza ulichosahihisha, toleo la zamani libaki. Isipokuwa kosa likiwa ni jina au namba ya simu ya mshiriki: hapo badilisha mara moja mafaili yawe yenye kizuizi, waandikie Zenodo waondoe, mjulishe msimamizi na kamati siku hiyohiyo, kisha mpigie mshiriki mwenyewe umwambie kilichotokea.